Godoro la Namba Mia

Gaudensia alishuka kwenye gari amevaa viatu vyeupe. Viatu vyeupe, Gitting, mwezi wa nne, wakati matope yanamfika mtu kwenye vifundo! Nilikuwa nimesimama mlangoni na mwiko mkononi, nikasema moyoni, ngoja avikanyage. Akakanyaga matope mpaka viatu vikabadilika rangi, akacheka tu, akaja kunikumbatia. Kama angekasirika ningempenda kidogo siku ile.

Huyu Gaudensia ni mke wa Onesphory, kaka mkubwa wa mume wangu. Wanakaa Katesh mjini, na yeye ana duka la mapazia na mashuka ya mtumba karibu na stendi. Mimi na mume wangu Isidori tunakaa huku mlimani katika nyumba ya mama yao, mama Marieta. Kwetu Wairaqw ndivyo ilivyo: mtoto wa kiume wa mwisho ndiye anayebaki na mama, na mke wake ndiye anayemtandikia mama kitanda mpaka Mungu atakapomchukua. Isidori ni wa mwisho. Kwa hiyo wa kumtandikia mama ni mimi, Kornelia, mama yake Monica, na si mtu mwingine, hata awe na mashuka ya dunia nzima.

Nasema haya mapema ili mtu asije akafikiri nina wivu wa bure. Wivu ninao, sikatai. Lakini si wa bure.

Tangu nilipoolewa ni mimi ninayempashia mama maji, ninayemkanda nyonga kwa samli asubuhi za baridi, ninayemtengenezea mto. Najua anavyolala kuliko wanavyojua watoto aliowazaa. Analala ubavu wa kulia, magoti ameyakunja, mkono chini ya shavu, uso ameuelekeza mlangoni ili awasikie ng'ombe zizini. Ubavu wa kushoto hauwezi kabisa tangu alipoanguka akitoka kuteka maji. Ni mwembamba, mifupa imekaribia ngozi. Kitanda chake ni cha mbao, juu yake kuna ngozi ya ng'ombe, na juu ya ngozi kuna godoro la sponji lililochoka katikati. Limechoka, najua. Nilikuwa nimeshasema na Isidori kwamba tukivuna maharage tutamnunulia jingine. Gaudensia hakusubiri maharage yetu yaive.

Siku hiyo ilikuwa Jumatatu ya Pasaka. Onesphory na Isidori walishusha boksi kubwa kwenye gari, wakaliingiza sebuleni wakihema. Gaudensia akalifungua kwa mkasi wake mwenyewe, kana kwamba nyumbani kwangu hakuna kisu.

"Mama, shikamoo tena," alimwambia mama mkwe wetu huku akipiga goti. "Nimekuletea godoro la upepo."

"Marahaba mwanangu," mama alisema. "La upepo?"

Mwanangu! Mimi huniita Kornelia.

"Kama puto?" niliuliza.

"Si kama puto, Mama Monica. Hili lina mota. Ukibonyeza hapa linajaa, linakuwa gumu. Ukibonyeza hapa linatoa upepo, linakuwa laini. Ugumu wake unahesabiwa kwa namba, tena unaziona hizi hapa kwenye rimoti. Kila mtu na usingizi wake, kila usingizi na namba yake."

Alichomeka waya ukutani, mota ikaanza kunguruma, na lile godoro likainuka sakafuni polepole. Kuku waliokuwa ndani walitoka bila kufukuzwa. Gaudensia alikuwa ametazama video kwenye simu na somo lote alikuwa nalo kichwani. Anayelala chali, alisema, anataka la katikati, mgongo usizame wala usikakamae. Anayelala kifudifudi anataka gumu zaidi, la sivyo tumbo linazama na asubuhi kiuno kinauma. Anayelala ubavu anataka laini, ili bega na nyonga vipate pa kuingia. Halafu kuna uzito: mtu mnene aongeze, mwembamba apunguze. Alisema vizuri, sauti yake tamu, na wote walimtazama mdomoni. Mimi jikoni, mlango ukiwa wazi, nilisonga ugali kwa nguvu kuliko ugali ulivyotaka. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, nikajisemea, na hili godoro limetembezwa kutoka Katesh mpaka huku.

Wakaanza kulijaribu. Onesphory, ambaye tumbo lake humtangulia kuingia mlangoni, alilala chali, mikono kifuani kama marehemu. Gaudensia akabonyeza na kuuliza, akabonyeza na kuuliza, mpaka Onesphory akasema, "Hapo hapo!" Sabini. Isidori alivua buti, akalala kifudifudi kama anavyolala akitoka shambani. Ilipofika sitini alinyamaza. Tukamwita, kumbe ameshapitiwa na usingizi, mbele za watu, mchana, mume wangu, juu ya godoro la Gaudensia! Nilimpiga kwa kitambaa cha kufutia vyombo. Alipoamka alisema, "Shemeji, hiki ni kitu kweli," nikampiga tena.

Gaudensia mwenyewe alilala ubavu, akasimama kwenye thelathini na tano.

"Na wewe, Mama Monica, jaribu."

"Mimi nina ugali jikoni."

"Dakika moja tu, mdogo wangu."

Nikalala ili wasiseme nimenuna. Lilinipokea begani, likanipokea nyongani, na mgongo wangu ambao umebeba kuni tangu utoto ukatulia wenyewe. Arobaini. Nililichukia godoro lile kwa sababu lilikuwa zuri. Kama lingekuwa baya ningemsifu Gaudensia mpaka jioni.

Sasa ikawa zamu ya mama. Alikuwa amekaa kwenye kigoda chake muda wote akisikiliza namba kama anayesikiliza matangazo ya kanisani. Akauliza, "Mwisho wake ni ngapi?"

"Mwisho ni mia, mama," Gaudensia alisema.

"Basi niwekeeni mia."

Gaudensia akasita. "Mama, ila wewe unalala ubavu, na mwili wako ni mdogo. Kwenye video wanasema mtu kama wewe..."

"Onesphory ni sabini," mama alisema. "Isidori ni sitini. Hawa nimewazaa mimi. Nilazwe chini yao?"

Hakuna aliyecheka. Kwetu mtoto hakai kwenye kiti wakati mama yake amekaa chini, hanywi kabla mama hajanywa, na sasa hapa namba zilikuwa zimetangazwa mbele ya wote. Onesphory alimkata mke wake jicho. "Mama ni mia," alisema, na mambo yakaishia hapo. Mota ikanguruma mpaka godoro likawa ubao. Mama akalala juu yake, ubavu wa kulia, mfupa wa nyonga ukasimama peke yake kwa sababu haukuwa na pa kuingia. Mimi niliuona. Gaudensia naye aliuona, nadhani. Mama akasema, "Ni zuri sana."

Baada ya kula, Onesphory akatoa lililowaleta. "Mama, tunataka uje ukae kwetu Katesh. Kule baridi ni kidogo, hospitali iko jirani, na mke wangu ana muda na wewe."

Ana muda na wewe! Na mimi je, nilikuwa namlea mama kwa kuazima? Nilimtazama Isidori aseme neno. Isidori alikuwa anatazama miguu yake. Mbele ya kaka yake huwa hivyo, na mimi nilijua kwamba akiongea ataongea na mimi baadaye, chumbani, wakati haisaidii.

Mama alifuta mikono kwa kitenge chake. Kisha akasema, "Kiacheni kitu hiki hapa mpaka Pentekoste. Nikipata usingizi juu yake, nitajua Mungu anataka niende, na nitakwenda nacho. Nisipopata, mtakichukua, na mimi nitabaki na ngozi yangu."

Wote walisikia, na mimi nilisikia vizuri kuliko wote. Mama akilala, anaondoka. Asipolala, anabaki. Na mwanamke ambaye mama mkwe wake amehama nyumba ya mtoto wa mwisho, huku kwetu haulizwi sababu. Watu wanamtazama tu kanisani, halafu wanatazamana.

Wiki ile ya kwanza nilikuwa mtu mwenye furaha. Sitaficha. Kila asubuhi mama alitoka chumbani ameshika ukuta. Nikimsalimia, "Shikamoo mama, umelala?" alijibu, "Marahaba. Nimelala mia," na kukaa kwenye kigoda kwa hatua mbili, kwanza mkono, halafu mwili. Nilimpa uji nikiimba. Gaudensia alipiga simu kila baada ya siku chache kuuliza, na mimi nilimjibu, "Mama yupo, anakusalimu," kwa sauti laini ambayo hata Isidori hajawahi kupewa.

Lakini mimi ndiye ninayemkanda. Jumapili moja nilipomfunua nyonga nipake samli, nilikuta alama nyekundu pale kwenye mfupa, pana kama kiganja. Nilipoigusa aliuma meno. Kanisani hakuweza kupiga goti. Alibaki amesimama, ameshika benchi la mbele, wakati watu wengine wote wamepiga magoti.

Tuliporudi nilimwambia, "Mama, tulipunguze kidogo."

"Kwa nini?"

"Nyonga yako, mama."

"Gaudensia ni thelathini na tano," alisema. "Unataka niwe sawa na mke wa Onesphory, au chini yake?"

"Hakuna atakayejua, mama."

"Mimi nitajua. Na mtu mzima halalamikii zawadi."

Nilitoka nje nikaenda zizini nikakaa pale kwenye gogo. Nilijikasirikia kwa kuimba juu ya uji wa mtu anayeumia, nikamkasirikia Gaudensia zaidi kwa sababu yeye ndiye aliyeleta kitu cha kunifanya niimbe. Kisha nikafikiri. Mama alikuwa anataka mia. Hakuwa anataka ugumu. Haya ni mambo mawili, na rimoti alikuwa ananipa mimi niishike.

Jioni hiyo, kabla hatujaanza rozari, nilibonyeza mbele yake mpaka godoro likakakamaa. Nikamwonyesha rimoti. "Mia, mama." Akasogeza macho karibu, akasoma ile moja na zile sufuri mbili, akaridhika, akalala na kufumba macho. Tukaanza kusali. Sikio lake moja limekufa na jingine linasikia linachotaka. Kwenye fungu la tatu, wakati sauti yake inapanda, nikaanza kupunguza. Upepo ulitoka ukizomea, na mimi nikaongeza sauti: "Salamu Maria, umejaa neema!" Nilikuwa namtazama nyonga. Ilishuka polepole, bega likashuka, magoti yakakunjika yenyewe kama yanavyokunjika usingizi ukija. Nilipoona uti wa mgongo umenyooka kama mstari wa daftari nikaachia. Ishirini na nane. Taa ya rimoti ikazimika. Mama alikuwa bado anasali, lakini maneno yalikuwa yameanza kukosa mwisho. Hatukumaliza fungu la tano.

Asubuhi aliniita kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu alipoanguka. Alitaka uji, tena kikombe kikubwa. Alitoka bila kushika ukuta, akaenda mpaka zizini, akamsema Isidori kwamba ndama amefungwa kamba fupi. Kisha akasimama pale uani, jua likimpiga usoni, mlima wote uko wazi nyuma yake, akasema, "Gaudensia, Mungu ambariki. Nimelala kama mtoto."

Waliosema tenda wema nenda zako, usingoje shukrani, hawakunieleza kwamba shukrani yenyewe itapanda gari iende Katesh. Nilikwenda jikoni nikavunja kuni ambazo hazikuhitaji kuvunjwa.

Tangu hapo kila jioni ilikuwa hivyo. Mia mbele ya macho yake, kisha rozari, kisha ishirini na nane. Na kila jioni kidole changu kilikuwa kinajua vizuri kinachofanya. Kila nilipoutoa upepo ule, nilikuwa nampakia mama kwenye gari la Onesphory. Nilitamani kuacha. Mara moja nilikaa na rimoti mkononi mpaka tukafika kwenye litania, sijabonyeza, nikisema moyoni aumie kidogo tu, siku chache tu, abaki. Akajigeuza akitafuta pa kuiweka ile nyonga, hakupata, akaniomba msamaha kwa kunichelewesha. Nikabonyeza.

Nilisema na Isidori. "Mwambie mama ukweli," alisema.

"Nikimwambia atasema nimemlaza chini ya Gaudensia kwa siri. Atarudi mia kweli, au ataondoka amekasirika. Mwambie wewe, wewe ndiye mwanawe."

Akasema atafikiri. Mume wangu ana fikira nyingi, na hajawahi kuzimaliza hata moja.

Pentekoste walikuja. Safari hii Gaudensia alivaa buti za mvua, nyeusi, kama sisi, na hilo nalo liliniudhi, kwa sababu viatu vyeupe nilikuwa nimeshazoea kuvichukia. Mama hakungoja kuulizwa. "Nimelala," alisema. "Nimelala kuliko nilivyolala miaka yote. Nitakwenda."

Isidori alisema anakwenda kumwangalia ndama. Mimi nilifunga nguo za mama, vitenge vyake, sweta lake, samli kwenye chupa. Ile ngozi ya kitandani nilitaka kuifunga pia, akasema iache. Alipopita mlangoni alinishika mkono, akasema, "Umenitunza, Kornelia." Kisha akamshika Gaudensia bega ili apande gari. Nilipenda lile neno na nikalichukia lile bega.

Gaudensia alirudi nyuma mara moja kama aliyesahau kitu. Akasogea karibu nami. "Mama Monica, niambie. Ni mia kweli?"

Nilimtazama. Alijua. Tangu siku ile ya kwanza alijua kwamba mwili ule hauwezi mia, na aliogopa mume wake. Ningeweza kumwambia pale pale. Badala yake nikafanya hesabu yangu ya wivu: huko Katesh atalazwa mia ya kweli, ataumia, atarudi kwangu.

"Si umemsikia mwenyewe?" nilisema. "Mia."

Wakaondoka.

Kanisani Jumapili iliyofuata walinitazama kama nilivyojua watanitazama. Efrazia wa kwaya aliniuliza kama mama anaumwa. Nilisema amekwenda kutembea. "Na godoro lake?" akauliza. Habari za godoro zilikuwa zimeshafika kwaya.

Haikuchukua muda simu ikaanza. Kwanza Gaudensia alinisalimia tu. Halafu akapiga tena, akauliza kama mama alikuwa anakula vizuri kwangu. Halafu akauliza moja kwa moja: "Mdogo wangu, ulikuwa unaweka ngapi? Nikipunguza anaona. Anasema nimwonyeshe, namwonyesha, na nikishusha hata mbili ananiuliza kama nimemchoka."

"Mia," nilisema, na nikakata simu nikisingizia mtandao.

Ee, siku ile nilikuwa na raha! Nilitoa ngozi ya mama nikaianika juani. Nilifagia chumba chake, nikapiga dirisha maji, nikamwambia Isidori amshushie mama maziwa huko Katesh ili anirudishie habari. Kwa kweli sikuwa natuma maziwa. Nilikuwa natuma macho.

Isidori alikwenda Jumapili, akarudi jioni, akakaa bila kuvua koti. "Mama hakwenda kanisani," alisema. "Nimemkuta amekaa kwenye kiti. Shemeji anasema huwa anatoka kitandani jogoo wa kwanza na kukaa pale mpaka kuche. Amekonda, Kornelia. Ila anasema analala vizuri."

"Hakusema anataka kurudi?"

"Hakusema. Lakini akiendelea hivi, kaka atamrudisha mwenyewe. Amesema wiki ijayo, kama hali ni hii."

Wiki ijayo! Nilikuwa nimeshashinda. Nilichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu, na kunyamaza hakuna gharama. Nilimpakulia Isidori makande, nikajipakulia na mimi, na mimi nikala vizuri. Ngozi ilikuwa imekauka, chumba kilikuwa safi. Nilijiona kabisa nimesimama mlangoni nikimpokea mama, na Gaudensia akishusha lile boksi kwa aibu.

Kesho yake, nikiwa napalilia viazi, Gaudensia akapiga. Nilitaka nisipokee. Nikapokea ili nisikie anavyoshindwa.

Alikuwa analia. Si kilio cha kutafuta huruma, alikuwa amejificha mahali, nadhani stoo ya duka, maana sauti ilikuwa inazibwa na nguo. "Leo nilipomwogesha nimeona nyonga," alisema. "Imechubuka, Mama Monica. Ngozi imeachia. Nimemuuliza kwa nini hukuniambia, mama? Anasema si godoro. Anasema kwa Kornelia alilala juu ya mia hiyo hiyo, kwa hiyo tatizo ni yeye mwenyewe. Anasema labda ana dhambi ambayo hakuiungama. Ameomba nimwitie padri."

Nilisimama na jembe. Kilio kile nilikuwa nimekisubiri tangu Jumatatu ya Pasaka, nilikuwa nimekipangia mpaka jinsi nitakavyokisikiliza. Na sasa nilikuwa nacho sikioni, na kumbe hakikuwa na utamu wowote. Nilimwona mama kwenye kile kiti, alfajiri, akizitafuta dhambi zake moja moja, mwanamke ambaye dhambi yake kubwa ni kumsema ndama. Dhambi ilikuwa yangu, na yeye ndiye aliyekuwa anaitafuta.

Lakini bado, niseme kweli, hata hapo moyo ulinishika. Wiki moja tu, uliniambia. Hajafa mtu kwa nyonga. Nikimwambia Gaudensia, mama hatarudi tena. Sina kitu kingine kinachonifanya niwe mimi kwa mama yule. Mashuka anayo yeye, duka analo yeye, hata lile neno "mwanangu" anaitwa yeye. Mimi nina ishirini na nane.

"Dada," nikasema, na nilikuwa sijawahi kumwita hivyo. "Acha kulia unisikilize. Mwonyeshe mia, ahakikishe mwenyewe. Halafu msali rozari. Usianze kupunguza mpaka fungu la tatu, kabla ya hapo bado anasikia. Upepo ukitoka paza sauti. Mtazame nyonga, usitazame namba. Mgongo ukinyooka, acha. Itakuwa ishirini na nane, lakini sasa amekonda, jaribu ishirini na tano."

Nilimsikia akipenga kamasi. Kisha akasema, "Ulikuwa unafanya hivyo kila siku?"

"Kila siku."

"Na ulijua kwamba akilala anaondoka?"

"Mpake samli usiku huu kuzunguka kidonda, si juu yake," nilisema. "Na alale akitazama mlango. Huko hakuna ng'ombe, lakini mwache atazame."

Nilimaliza matuta yangu mawili ya viazi. Jioni niliiondoa ngozi ya mama nje, nikaikunja, nikaipandisha darini. Isidori aliniuliza kulikoni. Nikamwambia afikiri.

Siku mbili zilipita, na asubuhi ya tatu simu ikaita nikiwa nakamua. Ilikuwa namba ya Gaudensia, ila sauti ilikuwa ya mama. Ilikuwa ile sauti kubwa, ya kikombe kikubwa cha uji.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, Kornelia. Ng'ombe hawajambo?"

"Hawajambo mama. Umelala?"

"Nimelala, nimelala mpaka jua limeniingia dirishani!" Akacheka. Kisha akashusha sauti, kama mtu anayetaka kusema jambo bila kumuumiza mwenzake, na nilimsikia akijisogeza mbali na watu. "Nikwambie kitu, mwanangu, usinichukie. Kwako nililala, sikatai. Lakini mia ya Gaudensia ni laini kuliko mia yako."

Ng'ombe alipiga teke, nikaishika ndoo kwa goti. Mwanangu, alikuwa ameniita mwanangu.

"Ndiyo mama," nilisema. "Gaudensia anajua kuliko mimi."